Tundu Kabla ya Moto

Fundi wa Kashai, mjini Bukoba, anayetoboa kigae bila kukipasua anafuata maarifa ya kale. Kusini mwa Bukoba, huko Katuruka na Kemondo, uchimbuaji wa mwanaakiolojia Peter Schmidt ulifichua tanuri za chuma zenye umri wa zaidi ya miaka 1,500, pamoja na mirija ya udongo ya kupitishia hewa ya mivukuto. Mtu atapinga: mirija ile iliwekwa tundu ingali mbichi, ilhali kigae hutobolewa kikiwa kimekwisha kuchomwa. Ni kweli, lakini kanuni ni moja: udongo ulioiva haupindi, hupasuka. Wahenga waliuwahi moto. Fundi wa leo, akiukuta umeshapita, huzima mpigo wa nyundo wa drili, huzungusha keekee ya almasi polepole na kuipoza kwa maji. Kilichobadilika ni wakati wa kutoboa, si tabia ya udongo.