Sandarusi na Mifupa ya Tendaguru

Wasikilizaji wetu, wazee wa Mrima waijua sana sandarusi. Ni utomvu wa mti uliozikwa ardhini hata ukawa mgumu. Zamani ilichimbwa pwani, ikauzwa Unguja, na wafanyi biashara wa Ulaya na Marekani wakaichukua kufanyia vanishi. Kipande kimoja twakiweka darasani. Ndani yake amelala siafu, miguu yake yote imekamilika, kama aliyenaswa jana. Mwanafunzi mmoja alituuliza: Je, siafu huyu alimwona dinosaria?

Swali ni jema, na jibu ni hapana. Sandarusi yetu ni changa. Tone la spiriti huifanya inate mara moja. Kaharabu ya Bahari ya Baltiki, ambayo wengi huifananisha nayo, ina miaka mamilioni mengi. Lakini dinosaria wa nchi yetu walikufa kabla ya hiyo pia, yapata miaka milioni 150 iliyopita. Basi kumchora siafu yule mgongoni mwao ni uwongo, hata picha ikipendeza.

Habari zao twazipata Tendaguru, kilima kilicho kaskazini-magharibi ya Lindi. Mwaka 1906 mhandisi Mjerumani, Bernhard Sattler, aliikuta mifupa mikubwa pale. Toka 1909 hata 1913 wataalamu wa Berlin, wakiwemo Werner Janensch na Edwin Hennig, waliongoza kazi ya kuichimba. Tunasema waliongoza, maana jembe na mzigo vilikuwa mikononi mwa watu wa nchi, wakati mwingine wapata 500, na msimamizi wao hodari alikuwa Boheti bin Amrani. Nchi ile ilikuwa imetoka tu katika Vita vya Maji Maji na njaa yake. Zaidi ya tani 200 zilichukuliwa na wapagazi hata Lindi, mwendo wa siku kama nne. Mnyama mmoja kati ya hao alisimamishwa Berlin mwaka 1937. Kimo chake chapita mita 13, na kichwa chake chalingana na kilele cha mnazi.

Lakini mfupa peke yake husema machache. Aliishi wapi? Alikula nini? Hayo huulizwa udongo. Pale Tendaguru kuna tabaka la mifupa, juu yake tabaka la makombe ya baharini, kisha mifupa tena: bahari ilikuja ikarudi, ikaja tena. Miguu mingine ilionekana imesimama wima, kama ya mnyama aliyezama katika matope asiweze kujinasua. Chavua zilizosalia katika mawe zaonyesha miti iliyo jamaa ya misunobari. Ukoka haukuwapo bado duniani. Kwa hiyo tusidhani kwamba majitu yale yalilisha mbugani kama nyumbu wa leo.

Tena palikuwa na wadogo. Taya dogo la mnyama mwenye manyoya lilipatikana katikati ya mifupa ya majitu. Mwaka 2000 wataalamu wa Ujerumani na Tanzania walirudi kilimani pamoja. Safari hii hawakufuata mifupa mikubwa. Walikwenda kupima tabaka za mawe na kuchukua udongo, ili watafute ndani yake chavua na makombe madogo ambayo wapagazi wa kwanza waliyakanyaga wakipita na mizigo yao.