Kipimo cha Kilifi

Msomaji, mwaka 1949 wataalamu wa saikolojia walikutana Boulder, Marekani, wakakata shauri ya kwamba atakayetibu nafsi za watu afundishwe chuo kikuu utabibu na utafiti pamoja. Haja ya utafiti huo ilionekana wazi Kilifi, palipoanzishwa kituo cha kuchunguza malaria mwaka 1989. Watoto walipona homa. Lakini akili zao, je, zilisalimika? Vipimo vingi vilitungwa kwa watoto wa ng'ambo. Amina Abubakar, aliyesomea shahada ya udaktari Tilburg, Uholanzi, alikijaribu pamoja na wenzake kipimo cha papo hapo, wakatangaza habari zake mwaka 2008. Mtoto hutazamwa anavyotembea, na mkono wake unavyolifuata jicho. Chaitwa kwa jina la Kilifi, wala si la mtu.