Pumzi za Juu, Nguvu za Pwani

Historia ya riadha Tanzania husimuliwa kuanzia milimani: Mbulu, Karatu, Hanang, Arusha. Ukanda wa Pwani ukitajwa, hutajwa kama njia ya kwenda uwanja wa ndege. Naona simulizi hiyo imeacha nusu ya habari. Nyanda za juu hutoa pumzi, hilo halina ubishi. Lakini nguvu ya misuli haikuwahi kuhitaji milima, na ushahidi umejaa Kibaha na Kisarawe, ambako hata vilima vya Pugu havifiki mita 400 juu ya usawa wa bahari.

Ushahidi wa kwanza ni mkongwe kuliko riadha yenyewe. Katika karne ya 19, misafara ya pembe za ndovu iliteremka kutoka Unyamwezi, kwenye uwanda wa mita 1,200 hivi, ikapita Uzaramo, nchi ambayo leo imegawanyika baina ya Kisarawe, Kibaha na jirani zao. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi, siku baada ya siku, kwa miezi. Wasafiri wa Kizungu wa zama hizo waliandika kuhusu watoto wa Kinyamwezi waliobebeshwa vipembe vidogo ili mabega yazoee kabla ya mzigo wa mtu mzima. Kocha wa leo angeitambua mbinu hiyo mara moja: uzito huongezwa kidogo kidogo. Na mzigo ulikuwa ule ule, Tabora au ufukweni. Kilichomjenga mpagazi ni mzigo, wala si hewa. Baada ya uhuru kazi ya kujenga misuli iliangukia Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa tarehe 10 Julai 1963. Katika kambi ya Ruvu, upande wa Mlandizi wilayani Kibaha, vijana wa bara na wa pwani walikimbia mchakamchaka alfajiri, kisha wakashika majembe. Hakuna aliyeiita jimu, ila misuli haijali jina.

Atakayepinga ataitaja Olimpiki ya Mexico City, 1968. Kwenye mwinuko wa mita 2,240, ambako oksijeni inayopatikana hupungua kwa karibu robo, Kipchoge Keino alimwacha mbali Jim Ryun, aliyeshikilia rekodi ya dunia ya mita 1,500. Kweli. Lakini katika michezo hiyo hiyo John Stephen Akhwari, mwana wa Mbulu, alikumbwa na mikazo ya misuli, akaanguka na kuumia goti, na kuzaliwa juu hakukumwokoa. Tena, kunyanyua chuma ni kazi ya sekunde chache, inayotumia nishati iliyokwisha kuhifadhiwa ndani ya msuli; hewa nyembamba huathiri zaidi kurejea kwa nguvu baina ya seti kuliko unyanyuaji wenyewe. Hata kwa wakimbiaji, kuteremka kuna faida: utafiti wa Benjamin Levine na James Stray-Gundersen, uliochapishwa 1997, uliwapa ushindi wakimbiaji waliolala mita 2,500 na kuteremka hadi mita 1,250 kufanya mazoezi, dhidi ya waliobaki juu muda wote.

Filbert Bayi alikuwa ameshaishi sehemu ya jibu hilo. Alizaliwa Karatu mwaka 1953, akahamia Dar es Salaam angali kijana, akaingia jeshini na kufanya mazoezi jijini, usawa wa bahari. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, aliongoza mita 1,500 kuanzia mwanzo na kumaliza kwa 3:32.2, rekodi mpya ya dunia, John Walker akimfukuza nyuma. Kukimbia hivyo kunataka miguu yenye nguvu ya kustahimili kasi. Baadaye alijenga shule na kituo cha michezo Mkuza, Kibaha. Sidai kwamba alipachagua kwa ajili ya hewa. Ukaribu wa jiji unatosha kuwa sababu. Ila joto na mwinuko mdogo havikumzuia kuwekeza hapo.

Kuna pingamizi gumu zaidi: Alphonce Simbu, askari wa JWTZ anayejinoa Arusha, alitwaa ubingwa wa dunia wa marathoni mjini Tokyo mwaka 2025. Je, si mwinuko huo? Ulimfikisha uwanjani akiwa bado na pumzi, nakubali. Lakini yeye na Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2:09:48, wakatenganishwa na sekunde 0.03. Mbio za kilomita 42 ziliamuliwa kwa hatua za mwisho za kasi, na kasi ya namna hiyo ni kazi ya msuli, inayoweza kufundishwa Mlandizi sawasawa na Arusha.