Okoth na Akoth: Jina la Mvua katika Historia ya Wajaluo

Miongoni mwa Wajaluo wanaoishi kandokando ya Ziwa Viktoria, magharibi mwa Kenya na huko Rorya mkoani Mara, Tanzania, mtoto anayezaliwa mvua ikinyesha huitwa Okoth akiwa wa kiume na Akoth akiwa wa kike. Jina hilo limeundwa kwa nomino koth, yaani mvua, ikitanguliwa na kiambishi O- cha wanaume au A- cha wanawake, na kwa muundo huohuo wamepatikana Ochieng na Achieng, wanaozaliwa jua la mchana likiwaka, Otieno na Atieno wa usiku, pamoja na Oyoo na Ayoo, ambao mama zao walijifungua njiani.

Ukongwe wa jina hili hudhihirika likilinganishwa na lugha za jamaa zao. Katika Kiacholi cha kaskazini mwa Uganda mvua huitwa kot, na jina la mtu ni Okot, kama alivyoitwa mshairi Okot p'Bitek (1931–1982). Wanahistoria, akiwemo Bethwell Ogot aliyechapisha utafiti wake kuhusu Wajaluo wa kusini mwaka 1967, wanaeleza kwamba jamii hizi zilitoka katika nchi iitwayo leo Sudan Kusini na kusambaa kwa vipindi kupitia Uganda hadi Nyanza. Kwa kuwa neno na desturi vyote viwili vimesalia pande zote mbili, yaelekea jina hili lilikuwapo kabla wasafiri hao hawajatengana.

Mvua ilistahili kupewa mtoto kama jina kwa sababu maisha yaliitegemea. Mwaka wa mkulima na mfugaji wa Kijaluo uligawanywa kati ya chwiri, yaani masika, opon, yaani vuli, na oro, yaani kiangazi, na mvua ilipochelewa mtama na wimbi vilikauka shambani, malisho yakapungua, na watu wakamwendea jakoth, mtaalamu aliyeaminiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua. Majirani nao waliona vivyo hivyo: Wakalenjin wana Kiprop na Cherop, kutokana na rob, Wagikuyu humwita msichana Wambura, kutokana na mbura, na katika baadhi ya jamii za Mara Wambura ni jina la mwanamume. Lugha hizi si za ukoo mmoja, hivyo kilichowaunganisha wenyeji si kuazimana maneno, bali ni kuishi chini ya mawingu yaleyale.

Hata hivyo, si kila Okoth alizaliwa mvuani. Wajaluo wana pia nying juogi, yaani jina la mzimu wa ukoo, ambalo mtoto hupewa ili kumrithi marehemu, na ikiwa marehemu huyo aliitwa Okoth, mtoto huweza kulichukua jina hilo hata akizaliwa wakati wa ukame.

Badiliko kubwa zaidi lilikuja na misheni na serikali ya kikoloni. Shule ya Maseno ilipoanzishwa mwaka 1906, na makanisa yalipoenea, jina la ubatizo lilitangulizwa mbele ya lile la kuzaliwa, kisha kipande, yaani cheti cha utambulisho walicholazimishwa kubeba wanaume Waafrika baada ya Vita Kuu ya Kwanza, pamoja na daftari za shule na kodi, vikazoesha watu kuandika jina la baba mwishoni. Ndipo Okoth, jina lililokuwa la mtu mmoja na saa yake ya kuzaliwa, likageuka kuwa la familia, na leo binti huweza kuitwa Okoth bila kujali kiambishi cha kiume kilichomo. Kwa sababu hiyo, mtafiti anayelikuta jina hili katika kumbukumbu za kale hana budi kuuliza kwanza kama ni la mwenyewe, la mzimu au la baba, kwani ni katika hali ya kwanza tu ndipo lina ushahidi wa mvua.