Novemba ya Kiwanda na Novemba ya Korosho

Kampuni zinazotengeneza mashine za gemu zina mwezi zinaoupenda. Microsoft ilitoa Xbox yake ya kwanza Novemba 2001. Sony ikatoa PlayStation 3 Novemba 2006, PlayStation 4 Novemba 2013 na PlayStation 5 Novemba 2020. Sababu si siri: Krismasi iko mlangoni, na wazazi wa Marekani na Ulaya wanatafuta zawadi. Katika kata ya Chunyu wilayani Ruangwa, kusini mwa Tanzania, kama ilivyo kwa jirani zao wa Nachingwea, Novemba nayo ni mwezi wa kungoja, ila kinachongojwa ni mnada wa korosho na malipo yanayoufuata. Kwa hiyo mwezi ambao kijana wa Tokyo au London anapanga foleni kununua mashine mpya ndio mwezi ambao nyumba za Kusini zinatazamia fedha kuliko miezi mingine yote. Hata hivyo Novemba hizo mbili hazijawahi kukutana. Jibu la haraka ni kwamba watu wa Kusini ni maskini, na maskini husubiri. Jibu hilo lina ukweli lakini halitoshi. Ukiifuatilia historia ya bidhaa mpya katika nchi ile utaona kwamba siku ya kitu kufika imekuwa ikipangwa na yule aliyeishika njia na fedha ya zao. Mnunuzi, na haja yake, hakuulizwa.

Tuanzie mbali kidogo. Katika karne ya 19 bara la Lindi na Kilwa lilikuwa nchi ya misafara: pembe, nta, mpira wa mwituni na, kwa aibu ya historia, watu, vyote vilishuka pwani, na nguo za merikani na kaniki, shanga na bunduki vikapanda. Habari za nguo mpya zilitangulia nguo yenyewe, kwa kuwa wapagazi walikuwa na midomo. Lakini nguo ilikuja pale tu msafara ulipopata cha kubeba kurudi pwani. Serikali za kikoloni zilipofika, maduka ya Wahindi yakaingia vijijini na msafara ukawa duka, ila sheria ya mambo haikubadilika: mzigo ulijaa rafuni wakati wa mavuno na ukapungua wakati wa njaa. Waingereza waliongeza kizuizi chao, sheria ya kubana mikopo kwa Waafrika, kwa hoja ya kuwakinga na madeni. Huenda iliwakinga baadhi yao. Pamoja na hayo, ilihakikisha kwamba mkulima hawezi kisheria kuivuta kesho yake ije leo kama alivyofanya mfanyabiashara wa mjini. Akitaka baiskeli, asubiri zao.

Kisha likaja jambo la ajabu kuliko yote yaliyowahi kuipata nchi hiyo. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, iliyokuwa na upungufu wa mafuta ya kupikia baada ya vita, ilianzisha mradi wa karanga Tanganyika, ukilenga mashamba makubwa katika maeneo ya Kongwa, Urambo na Nachingwea. Nachingwea ilichukuliwa kuwa ndiyo yenye tumaini kubwa. Ghafla, mahali palipokuwa na miombo na vijiji vya Wamwera pakaanza kujengwa mji wenye karakana na kiwanja cha ndege. Reli ikavutwa kutoka pwani. Mtwara ikachimbiwa bandari ya kina kirefu. Matrekta yalikuja, mengine yakiwa vifaru vya vita vilivyogeuzwa kuvuta majembe, na udongo ukayashinda. Januari 1951 mradi ulifutwa baada ya kumeza zaidi ya paundi milioni 35, na karanga zilizopatikana zilikuwa kichekesho. Wengi huusimulia mradi huu kama hadithi ya upumbavu wa Wazungu, nao ulikuwa hivyo. Kwa hoja yetu, hata hivyo, una somo jingine: kwa miaka minne hivi Nachingwea haikungoja kitu chochote. Mitambo mipya kabisa ya dunia ilimwagwa pale bila mtu wa pale kuiomba, kwa sababu London iliihitaji pale. Haja ya London ilipokwisha, njia nayo ilikwisha. Bandari ya Mtwara ilifunguliwa mwaka 1954 ikiwa haina shehena iliyojengewa, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 reli ilifungwa na mataruma yakang'olewa. Watu waliokuwa wameonja kasi ya garimoshi wakarudi kwenye barabara ya vumbi, ambayo mvua za masika ziliikata miezi kadhaa kila mwaka.

Walichobaki nacho ni mkorosho. Zao hili lilisambaa Kusini miaka ya 1950 na 1960, likaleta baiskeli, mabati na redio za betri. Redio ilikuwa ndicho chombo cha kwanza cha umeme kuingia katika nyumba nyingi za vijijini. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilikusanya karibu tani 145,000 za korosho. Baada ya hapo mambo yaliharibika. Operesheni Vijiji iliwahamisha wakulima mbali na mikorosho yao, bei waliyolipwa ilididimia, ugonjwa wa ubwiriunga ukashambulia, na katikati ya miaka ya 1980 mavuno ya nchi nzima yalikuwa chini ya tani 20,000. Hapa ndipo kalenda ya dunia na ya Kusini zilipoachana kabisa. Tarehe 15 Julai 1983 Nintendo ilianza kuuza Famicom nchini Japani, mashine iliyofanya gemu za nyumbani kuwa jambo la familia. Miezi michache kabla yake, Machi mwaka huohuo, Waziri Mkuu Edward Sokoine alianzisha msako wa wahujumu uchumi, na wenye bidhaa walikuwa wakizitupa usiku ili wasikutwe nazo. Sabuni yenyewe ilikuwa ya kutafutwa. Hata kama mtu angeileta Famicom kwa miujiza hadi Ruangwa, ingehitaji televisheni, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi mwaka 1994, ingawa Zanzibar ilikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Serikali ya Mwalimu Nyerere ilikuwa na hoja ambayo haifai kubezwa: televisheni ni anasa ya wachache wa mjini inayolipiwa na fedha za kigeni za wakulima wote. Ila wakulima hao, ambao korosho zao zilizileta fedha hizo, hawakuwa na njia ya kusema wao wangependa kuzitumia vipi. Aliyeshika tarehe safari hii alikuwa dola.

Mlango ulianza kufunguka kwa bajeti ya 1984, iliyoruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa bila kuulizwa walizipata wapi, na ukapanuliwa na Rais Ali Hassan Mwinyi, ambaye hakuitwa Mzee Ruksa bure. Kariakoo ilijaa redio kaseti, deki za video na televisheni kutoka Dubai. Lakini Kariakoo si Chunyu. Kati yao palikuwa na Mto Rufiji, na mto huo ulivukwa kwa kivuko hadi Agosti 2003 lilipofunguliwa Daraja la Mkapa, lenye urefu wa mita 970. Nadhani hakuna tarehe muhimu zaidi katika historia ya bidhaa za elektroniki Kusini kuliko hiyo, na haimo katika historia yoyote ya gemu. Ikafuata gesi ya Mnazi Bay kuzalisha umeme wa Mtwara na Lindi, kisha nguzo za Wakala wa Nishati Vijijini (REA), na kwa wasiofikiwa na nguzo, paneli za sola. Hapo ndipo kibanda umiza, kilichokuwa kikionyesha filamu zilizotafsiriwa kwa Kiswahili na mechi za Ulaya, kilipopata mwenzake: chumba chenye televisheni, mashine na pedi mbili, ambapo mtoto analipia mechi na anayefungwa anampisha mwingine.

Mashine yenyewe ilikuwa PlayStation 2. Japani iliipata Machi 2000. Sony iliendelea kuitengeneza hadi mwishoni mwa 2012, na ziliuzwa zaidi ya milioni 150, wingi ambao mashine nyingine za nyumbani za enzi yake hazikuukaribia. Vijana walioicheza gemu ya soka ya Winning Eleven vibandani hawakujali kwamba dunia ilikuwa imekwisha hamia kwingine. Tena kuchelewa kwao kulikuwa na faida za wazi. Mashine ya mtumba ilikuwa imeshuka bei mara kadhaa. Mafundi walikwisha jifunza kuitia chipu ili isome diski zilizonakiliwa, jambo ambalo sheria ya hakimiliki haiwezi kulipongeza lakini mwanahistoria hawezi kulificha. Vipuri vilikuwa tele. Pro Evolution Soccer 2014 ilitolewa Ulaya kwa PlayStation 2 Novemba 2013, mwezi uleule ilipozinduliwa PlayStation 4, na bila shaka wenye vibanda wa Kusini walikuwa na sababu ya kufurahia habari ya kwanza kuliko ya pili.

Hapa mpinzani atasema: haya yote ni umaskini uliovikwa joho la historia. Mtu angekuwa na fedha angenunua mashine siku ya kwanza, basi. Tupige hesabu. PlayStation 5 ilitangazwa kwa dola 499, yaani zaidi ya shilingi milioni 1.1 kwa thamani ya wakati ule, kabla ya usafiri na ushuru. Kwa bei ya shilingi 3,300 ambayo serikali ilitangaza kununulia korosho mwaka 2018, hizo ni kilo 350 hivi. Ni nyingi kwa mkulima mdogo, sikatai. Lakini watu walewale hununua pikipiki za bei kubwa kuliko hiyo. Na simu ya mkononi ilienea Kusini bila kungoja kizazi kizima, kwa sababu kampuni zilitaka wateja zikapeleka minara na kuuza vocha za shilingi mia tano. Muuzaji alipokuja, mnunuzi alikuwa tayari. Kampuni za gemu hazikuja, kwa hiyo ucheleweshaji haukuanzia upande wa mnunuzi.

Tena umaskini wenyewe una ratiba, na ratiba ina wenyewe. Kangomba, ile biashara ya kumnunulia mkulima korosho kabla ya msimu kwa bei ya kutupa, haiishi kwa sababu mkulima hajui bei. Inaishi kwa sababu ada ya shule na njaa ya Machi havisubiri mnada. Anayefanya kangomba anauza muda. Stakabadhi ghalani, iliyoanza katika korosho msimu wa 2007/08, ilikusudiwa kuuvunja mtego huo, na leo chama kikuu cha RUNALI huwakusanya wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale katika mnada mmoja. Bei hupanda wanunuzi wanaposhindana. Lakini mkulima akishakabidhi mzigo ghalani, siku ya kulipwa si yake tena. Mwaka 2018 wakulima walikataa bei za minada ya Oktoba, Rais Magufuli akaamuru serikali inunue na jeshi lisombe, kisha ukaja uhakiki, na wapo waliongoja fedha zao hadi mwaka uliofuata. Wakati huo hakuna duka la Ruangwa, la mashine za gemu au la mabati, ambalo lingeweza kusema siku ya kuleta mzigo mpya.

Pingamizi la pili ni la kimya zaidi: kwamba katika kata ya wakulima hakuna aliyekuwa akiisubiri PlayStation 5, na kuiandikia historia ni kuwabambikia watu hamu isiyo yao. Lingekuwa na nguvu mwaka 1983. Tangu simu zenye intaneti zifike, kijana anaweza kuiona mashine ikifunguliwa boksi saa ileile inapofunguliwa New York. Wanaolalamika kwamba vibanda vinawatorosha watoto shuleni wanathibitisha jambo hilohilo, maana hakuna anayepiga vita kitu kisichotamaniwa. Malalamiko yao yanastahili kusikilizwa, hasa kibanda kinapofunguliwa saa za masomo, ila hayo ni mambo ya mwalimu na mwenyekiti wa kijiji.

Kinachonitia shaka zaidi ni kwamba njia ya kuchelewa, iliyowahudumia watu wa Kusini kwa muda wote huo, inaanza kuzibwa. PlayStation 2 ya mtumba haikuuliza maswali: umeme, diski, twende. Mashine za sasa zinazidi kuuzwa bila nafasi ya diski, michezo inashushwa kutoka duka la mtandaoni, na duka hilo lina orodha ya nchi. Kusini mwa Sahara, Afrika Kusini imo, Tanzania haimo. Mei 2024 wachezaji wa nchi zaidi ya 170 waliona jambo hili kwa macho pale Sony ilipotaka wachezaji wa Helldivers 2 wa kompyuta wawe na akaunti ya PlayStation, na mchezo ukaondolewa sokoni katika nchi zisizo na huduma hiyo. Sony iliurudisha nyuma uamuzi wa akaunti kwa sababu ya kelele za wanunuzi. Mtanzania anayetaka kuitumia huduma hiyo hujiandikisha kana kwamba anaishi nchi nyingine, akatafuta kadi ya malipo ya nchi hiyo, na akaomba asigunduliwe. Mashine ya namna hiyo ikija kushuka bei na kufika Ruangwa kwa basi baada ya miaka saba, itamkuta mkulima ameshalipwa, barabara ina lami, umeme upo, na bado itamwomba achague nchi yake kwenye orodha ambayo nchi yake haimo.