Somo la Historia: Ukoo Uliodhaniwa Kugeuka Mnyama

Natumaini darasa limekwisha kaa, na kila mtu ana daftari na kalamu yake. Somo letu la leo lahusu jambo ambalo wengi wenu, huko Nachingwea na Ruangwa, mlilisikia tangu utoto, nalo ni habari ya simba mtu, yaani mtu ageukaye simba, au simba atumwaye na mtu. Hatutaicheka habari hii, wala hatutamtishia mtu kwayo. Tutaichunguza kama mwana historia achunguzavyo mambo. Nani alisema? Mahali gani? Mwaka gani? Na baada ya kusema, kukatokea nini?

Andikeni swali hili katika daftari: Je, laana ya kugeuka mnyama yaweza kurithiwa katika ukoo?

Kurithi ni kupokea kitu kutoka kwa wazee wako, kama vile shamba, jina, au sura ya uso. Ukoo ni watu wa asili moja. Basi swali letu ni hili: je, mtoto aweza kuzaliwa na hatia ya jambo asilolitenda?

UKOO WA ANTHUS

Tuanze mbali, kisha turudi nyumbani. Katika nchi ya Ugiriki kuna sehemu ya milima iitwayo Arcadia. Huko hakuna simba. Mnyama aliyeogopwa ni mbwa mwitu wa Ulaya, ambaye ni mkubwa kuliko mbwa mwitu wa kwetu.

Mwandishi wa Roma aitwaye Pliny, aliyekufa mwaka 79, aliandika hadithi iliyosimuliwa na Wagiriki. Alisema kwamba katika ukoo mmoja, ukoo wa Anthus, mtu mmoja alichaguliwa kwa kura. Akapelekwa kwenye ziwa, akatundika nguo zake juu ya mti, akaogelea hadi ng'ambo, akageuka mbwa mwitu. Aliishi na mbwa mwitu miaka 9. Ikiwa katika muda huo alijiepusha na binadamu, alirudi kwa ziwa lile lile akawa binadamu tena.

Pliny mwenyewe hakuiamini hadithi hiyo. Alishangaa kuona jinsi watu wanavyokuwa wepesi wa kusadiki. Lakini angalieni jambo moja. Hadithi haikumtaja mtu mmoja tu. Ilitaja ukoo mzima. Na katika hadithi nyingine za namna hii hutajwa wenye cheo. Mwenye cheo huheshimiwa na huogopwa kwa pamoja. Watu husema, "Huyu ana nguvu kutuzidi. Nguvu hizo amezipata wapi?"

NG'AMBO YA RUVUMA

Sasa turudi karibu. Tukivuka mto Ruvuma kuelekea kusini twafika Msumbiji, katika uwanda wa juu wa Mueda, nchi ya Wamakonde. Zamani koo zao zilikuwa na wazee wenye cheo, na mzee mmoja wa namna hiyo aliitwa humu. Cheo hicho kilikwenda kwa upande wa mama, yaani mtu alimrithi mjomba wake. Watu walimheshimu sana humu, na habari zake zilichanganyika na habari za simba.

Huko watu walitofautisha simba wa namna mbili. Wa kwanza ni simba wa porini, mnyama wa kawaida. Wa pili ni simba wa watu, aliyetengenezwa kwa uchawi, au ambaye ni mtu mwenyewe aliyegeuka. Simba akipita mbali na watu, alikuwa wa porini. Akiua mtu kijijini, watu waliuliza, "Ni wa nani?"

Swali hilo ni fupi, lakini limeua watu. Mwaka 2002 na 2003, katika wilaya ya Muidumbe karibu na Mueda, simba waliua makumi ya watu. Hofu ikaenea. Watu wakaanza kutafutana wao kwa wao, na kadhaa waliotuhumiwa kuwa na simba wakauawa na umati. Basi wilaya ile ilipata misiba mara mbili, kwanza kwa meno ya simba, kisha kwa mikono ya majirani. Na kifo cha mtuhumiwa hakikumwondoa hata simba mmoja porini.

NJOMBE NA SINGIDA

Hata Tanganyika ilikuwa na mambo kama hayo. Tangu mwaka 1932 hadi 1947 simba waliwala watu katika wilaya ya Njombe. Bwana Nyama George Rushby, aliyepelekwa kuwawinda, alikisia kwamba waliokufa walifika 1,500. Watu wengi huko hawakutaka hata kuwataja simba hao. Walisema kwamba ni wa jumbe mmoja aliyeondolewa katika cheo, naye amewatuma ili alipize kisasi.

Rushby na askari wake waliwaua simba 15, na vifo vikakoma. Wenyeji wengine walisema vimekoma kwa sababu jumbe amerudishiwa cheo chake. Rushby alikuwa na maelezo mengine. Serikali ilikuwa imewaua wanyama wa porini kwa wingi katika sehemu zile, ili ugonjwa wa sotoka usienee kusini. Simba walipokosa nyama yao, wakatafuta nyingine.

Huko Singida kisa kilikuwa tofauti. Kati ya mwaka 1946 na 1948 watu waliuawa, na miili yao ikakutwa na majeraha kama ya kucha. Uchunguzi ulionyesha kwamba waliofanya hivyo ni binadamu waliovaa ngozi za simba. Walipelekwa mahakamani, na wengine wakahukumiwa kunyongwa. Fikirini tofauti yake. Mahakamani mtu huhukumiwa kwa tendo lake mwenyewe, na mashahidi huulizwa walichokiona. Uvumi haufanyi hivyo. Uvumi hushika ukoo mzima, pamoja na mtoto aliye mgongoni.

SIMBA WA LINDI

Sasa tumefika nyumbani. Mkoa wa Lindi, ambamo zimo Nachingwea na Ruangwa, ni mmoja wa mikoa iliyoumizwa sana na simba. Mwaka 2005 Craig Packer na wenzake, miongoni mwao wataalamu wa Tanzania, walitangaza hesabu yao. Tangu mwaka 1990 simba walikuwa wamewaua watu zaidi ya 563 katika Tanzania, na kuwajeruhi zaidi ya 308. Sehemu kubwa ya misiba hiyo ilitokea upande wa kusini mashariki.

Wataalamu hao hawakuuliza, "Simba ni wa nani?" Waliuliza, "Simba anakula nini mahali hapa?" Wakaona kwamba hatari ni kubwa zaidi katika wilaya ambazo swala na wanyama wengine wamepungua, wakabaki nguruwe mwitu. Nguruwe hufuata mashamba ya wakulima, na simba humfuata nguruwe. Misiba iliongezeka wakati wa mavuno, kuanzia Machi hadi Mei. Wakati huo mkulima hulala shambani katika dungu, au katika kibanda cha nyasi, ili nguruwe wasimalize mahindi na mpunga wake. Simba aliyekuja kwa ajili ya nguruwe humkuta mtu.

Kuna na habari ya mwezi. Hadithi za Ulaya husema kwamba mtu hugeuka mbwa mwitu mwezi unapokuwa mpevu. Mwaka 2011 wataalamu walitangaza matokeo ya kuchunguza misiba karibu 500 iliyotokea Tanzania kati ya mwaka 1988 na 2009. Waliona kwamba hatari huzidi katika siku zinazofuata mwezi mpevu. Sababu yake si uchawi. Usiku wa mbalamwezi simba hupata shida kuwinda, maana wanyama humwona. Hukaa na njaa. Mwezi ukipita upevu, huchelewa kuchomoza, na baada ya jua kuchwa huwa kuna giza. Saa hizo watu bado wanatembea, wanachota maji, wanarudi kutoka mashambani. Basi giza hilo la jioni ndilo la kuogopwa.

KILICHORITHIWA

Turudie swali letu. Je, kuna kitu kilichorithiwa katika habari hizi? Ndiyo, viko viwili.

Cha kwanza ni cha simba wenyewe. Simba jike huwinda pamoja na watoto wake, nao hujifunza kwake. Rushby alidhani kwamba simba wa Njombe walifundishana kula watu kwa njia hiyo, mama kwa mtoto.

Cha pili ni jina baya. Mzee akiisha kuitwa mwenye simba, mtoto wake huitwa mtoto wa simba, na mjukuu hukosa mchumba. Hapana damu iliyogeuka. Kilichopita kutoka kizazi hadi kizazi ni neno la jirani. Mwenye kulisema neno hilo aweza kulinyamazisha. Tena siku anazozipoteza kumtafuta mwenye simba ni siku ambazo nguruwe wako shambani, na dungu bado halina mlango.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini hadithi za namna hii mara nyingi hutaja watu wenye cheo au nguvu?
2. Eleza tofauti kati ya uvumi na ushahidi. Toa mfano mmoja katika somo.
3. Simba, nguruwe na mkulima wakutana kwa sababu gani? Chora picha ya mambo hayo matatu.
4. Je, kijiji chawezaje kuwalinda walalao shambani wakati wa mavuno?

Kazi ya nyumbani: andikeni mistari mitano kuhusu saa na siku za mwezi zilizo za hatari. Mkifika nyumbani wasomeeni wale wasiojua kusoma, hasa watoto wanaotumwa maji jioni.

Kwaherini mpaka somo lijalo.