Majestic ya Vuga

Kila mtu wa mjini Unguja mwenye umri kama wangu ana sinema yake, kama alivyo na timu yake ya mpira na kikundi chake cha taarab. Walikuwapo watu wa Empire, pale Darajani, na watu wa Sultana, ambayo baada ya Mapinduzi ya 1964 ikaja kuitwa Cine Afrique. Mimi nilikuwa mtu wa Majestic, Vuga. Sikuichagua, niliirithi kwa mama yangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, ambaye mpaka anaingia kaburini hakuacha kuiita Royal, ingawa hiyo Royal iliungua moto mimi nikiwa bado mtoto wa kushikwa mkono.

Nimeona niandike habari za jumba hili kwa sababu siku hizi nasikia likielezwa kwa namna mbili, na zote mbili hainikubali nafsi kuzinyamazia. Wapo wanaosema kwamba ndani ya Majestic Wazanzibari wote tulikuwa kitu kimoja, Mwarabu, Mhindi, Mngazija na Mswahili, wala hapana aliyemuuliza mwenzake kabila. Na wapo wanaosema kwamba sinema ilikuwa starehe ya mabwana, mtu wa Ng'ambo hakuwa na lake pale. Mimi nilikuwa mtu wa Ng'ambo, na mlango wa Majestic nilikuwa nikiujua kama mlango wa chuoni.

Jumba la kwanza lilifunguliwa mwaka 1921 kwa jina la Royal Theatre. Mwenyewe alikuwa mfanyabiashara Hassanali Adamji Jariwalla, na ramani ilichorwa na Mwingereza J. H. Sinclair, yule yule aliyechora Mahkama Kuu na Beit el Amani. Wakati huo filamu zilikuwa bado bubu. Kwa mji kama wetu, ambao ulikuwa umekwisha kulewa nyimbo, filamu bubu ilikuwa nusu ya karamu. Karamu yenyewe ilikuja pale picha zilipoanza kusema, na hasa zilipoanza kuimba.

Hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwani watu wanaosema habari za sinema hupenda kutaja wachezaji na kusahau masikio. Zanzibar na Cairo walijuana kwa muziki kabla ya sinema. Tunasimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 mpaka 1888, ndiye aliyeleta muziki wa Kimisri katika kasri lake na kumpeleka Mohamed Ibrahim Misri kujifunza kanuni. Ikhwani Safaa ilianzishwa mwaka 1905. Baadaye zikaja sahani za santuri. Lakini sahani husikilizwa, haionyeshi. Filamu za Misri za miaka ya 1930 na 1940, zile za Mohamed Abdel Wahab, za Farid al-Atrash na dada yake Asmahan, na zile sita alizocheza Umm Kulthum baina ya 1936 na 1947, ziliwaonyesha wapigaji wetu jinsi wale mabwana wanavyokaa mstari mmoja, fidla zinavyokwenda juu na chini pamoja kama makasia, na mwimbaji anavyosubiri bila haraka mpaka zamu yake ifike. Mama alikuwa akisema kwamba wapo mafundi wa udi waliokuwa wakilipa kuingia usiku tatu mfululizo, na hadithi ya filamu wasiweze kukuhadithia.

Kisha zikaja za Kihindi, na hizo ndizo zilizotumeza. Mshairi wa taarab alikuwa akitoka na sauti kichwani, akifika nyumbani anaipimia maneno yake ya Kiswahili, vina na mizani kamili, na wiki chache baadaye wimbo unaimbwa harusini. Wako waliolalamika kuwa huo ni wizi. Sijapata kukubaliana nao. Sauti iliyotoka Bombay ikavikwa mashairi ya Unguja ilikuwa imekwisha kuhama, kama nguo iliyokatwa upya na fundi.

Royal iliungua mwanzoni mwa miaka ya 1950. Mimi sisemi moto ulianzaje. Nasema tu kwamba filamu nyingi za zamani zilikuwa za naitreti, kitu kinachoshika moto upesi kuliko karatasi na kuendelea kuwaka hata majini, kwa hiyo nyumba za sinema duniani kote zililala na jini chumbani. Mwaka 1955 jumba jipya likasimama pale pale, ramani ya Dayalji Pitamber Sachania, likaitwa Majestic. Lilikuwa la mtindo wa kisasa wa siku zile, saruji na mistari, halina haya wala nakshi. Wazee hawakulipenda. Sisi watoto tulidhani ndivyo London ilivyo.

Niliingia mara ya kwanza na mama, katika onyesho la wanawake. Alasiri moja moja jumba zima lilikuwa lao, mabuibui yakining'inia mapajani, bisi na njugu zikipita mkono kwa mkono, na kilio. Sijaona watu wakilia kwa furaha kama wale. Watoto wa kiume wadogo tuliruhusiwa, mpaka siku ambayo mzee wa mlangoni alinipima kwa macho toka utosini hata miguuni akamwambia mama, "Bibi, huyu ameshakuwa mwanamume, mlete kwa baba yake." Mama aliingia peke yake. Mimi nilibaki ukutani kwa nje, nikisikiliza nyimbo zikivuja, na nadhani filamu ile niliijua vizuri kuliko walioiona.

Baada ya hapo nikawa wa mbele chini, viti vya bei rahisi, ambako shingo huumia na mchezaji ana uso mkubwa kama ukuta. Sahibu yangu wa skuli, ambaye baba yake alikuwa Mwarabu mwenye duka na mama yake mtu wa Makunduchi, alikaa juu balkoni pamoja na ami zake. Tulifuatana kutoka skuli, tukaagana ngazini, tukakutana tena taa zilipowaka. Hivyo ndivyo tulivyokuwa kitu kimoja. Kiza kilikuwa kimoja, kilio kimoja, na tiketi mbalimbali. Anayesema hatukukaa pamoja anasema kweli, na anayesema hatukulia pamoja anasema uongo.

Binamu yangu mmoja alikuwa msaidizi katika chumba cha mashine, naye alinipandisha mara mbili tatu. Ndani mlikuwa na joto la tanuri. Mashine zilikuwa mbili, zikipokezana, kwa kuwa gurudumu moja halitoshi filamu nzima. Mwanga ulitokana na vijiti viwili vya kaboni vilivyowaka kwa umeme, navyo vilikuwa vikipungua kama udi chetezoni. Mwendeshaji akisahau kuvisogeza, picha inafifia na huku chini watu wanampigia makelele. Gurudumu linapokaribia kwisha, kidoti kidogo hutokea pembeni juu, upande wa kulia wa picha: hapo unaiwasha mashine ya pili. Kikitokea cha pili, unabadilisha. Tangu siku ile sijaweza kuangalia sinema bila kuvisubiri vidoti vile, na binamu yangu ameniharibia starehe yangu kwa hisani.

Filamu ninayotaka kuitaja kwa jina ni moja tu, Awara ya Raj Kapoor, ya mwaka 1951. Ilikuwa ikirudi na kurudi, na kila ikirudi walanguzi wa tiketi walikuwa wakinawiri. Kiini chake ni hakimu anayeamini kwamba mtoto wa mwizi lazima awe mwizi, na damu yake mwenyewe inakuja kusimama kizimbani mbele yake. Nilipoiona Majestic ilikuwa ndiyo zama za siasa zimeanza. Uchaguzi wa kwanza ulifanyika 1957, na baada yake mji ukagawanyika hata maduka, hata visima, hata mazishi. Swali lililokuwa likiulizwa kila baraza lilikuwa lile lile la yule hakimu: wewe baba yako nani, na baba wa baba yako alitoka wapi? Jumba zima lilimlilia Raj. Hapana hata mmoja, juu wala chini, aliyekuwa upande wa hakimu. Tukatoka, tukapanguza macho, na kesho yake asubuhi tukaendelea kuulizana.

Mwezi wa Juni 1961, baada ya uchaguzi, zilitokea fujo na watu 68 wakauawa. Nilikuwa na miaka 14. Nimejiuliza mara nyingi kama katika waliouawa, au katika waliokamata mapanga, walikuwamo waliolia na mimi. Kwa mji mdogo kama huu, sioni vipi wasiwemo. Ndiyo maana hunichukiza kidogo nikisikia sinema inasifiwa kama dawa iliyokuwa ikituponya. Haikutuponya. Ilituonyesha wagonjwa, tukawapenda, hatukujitambua.

Sahibu yangu aliondoka 1964, miezi michache baada ya Mapinduzi, yeye na mama yake na wadogo zake. Baba yake hakuondoka nao. Sitaandika zaidi ya hapo, kwani habari hiyo ni yake. Leo yuko Muscat, mzee kama mimi, na Kiswahili chake kimebaki kile kile cha mwaka alioondoka.

Balkoni nilikuja kuikalia mwenyewe katika miaka ya 1970, usiku mmoja wa sikukuu, palipopigwa taarab jukwaani. Nilipanda kwa makusudi, nikatafuta pale alipokuwa akikaa. Ilianza bashraf, fidla zikaamka, kisha kanuni, na jumba lile la saruji likaishika sauti vizuri kuliko nilivyotazamia. Alipotoka mwimbaji nilitaka kwenda kumtunza, nikatambua shida ya watu wa juu: mpaka ushuke ngazi, upenye baina ya viti, ufike jukwaani na noti yako mkononi, beti imekwisha na mwingine ameshatunza. Nilirudi kukaa. Niliangalia pia kama lile pazia la mbele ya skrini lipo, kwa sababu nitakayoieleza, lakini lilikuwa limekwisha kuondoka.

Yaliyofuata yanajulikana. Televisheni yetu, na ya rangi, ilianza mapema katika miaka hiyo hiyo ya 1970. Miaka ya 1980 ikaleta kanda za video, na mtu mwenye video sebuleni hana haja ya kupanga foleni Vuga. Jumba likachakaa, paa la ukumbi mkubwa likaanguka. Mji Mkongwe uliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, lakini orodha haizuii mvua: Beit el Ajaib yenyewe iliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020. Mipango ya kuifufua Majestic imezungumzwa mara nyingi, nami naiombea heri. Nikipita huangalia tu uso wake wa mbele, ambao bado unajitahidi.

Kuhusu pazia, mimi nakumbuka lilikuwa rangi ya damu ya mzee. Sahibu yangu anaapa lilikuwa kijani. Tumebishana jambo hili kwa barua, na sasa kwa simu, miaka na miaka. Yeye hudai kwamba kutoka juu aliliona lote, mimi kutoka chini niliona mikunjo tu na kivuli. Mimi humjibu kwamba niliweza kuligusa, naye hakuweza. Mwezi uliopita nilimpigia kumweleza kwamba nimesikia tena habari za kulitengeneza jumba. Akaniuliza kama na pazia watalitia. Nikamwambia, "Yakhe, kwanza watafute paa."

"Haya," akasema, "lakini wakifika kwenye pazia waambie kijani."